Nyangumi Niliyemkosesha Mama Felista

Wenzangu wa kinu cha pamba, tangu nirudi mmekuwa mkinizunguka kila tunapopumzika. "Fundi Shija, hebu tuambie, nyangumi yukoje?" Nami nawajibu mkato huku nikikagua mikanda ya mashine kana kwamba inataka kukatika. Wengine mmeanza kusema safari imenipandisha kichwa. Sivyo. Nimenyamaza kwa aibu. Nimeona afadhali niandike, maana karatasi hainikatizi maneno kama ninyi, na nikimaliza, atakayetaka kucheka acheke mara moja yaishe. Habari za vibali na tiketi naziruka. Hazina utamu wala hazikuniumiza.

Tinde mpaka Shinyanga

Mnajua jinsi nilivyochaguliwa. Wakubwa wa pamba walitaka kuwazawadia wakulima bora wa mkoa safari ya meli mpaka visiwani, wakatafuta mtu wa kuwaongoza anayeijua pwani. Mimi nilikaa Dar es Salaam miezi sita nikijifunza mashine, na tangu nirudi sikuacha kuwasimulia juu ya nyangumi niliyemwona kwa macho yangu, akirusha maji juu kama bomba lililopasuka. Wote mmeisikia hadithi ile, na wengine mmeisikia mara tatu. Ukweli ni kwamba katika miezi ile niliiona bahari mara nne tu, na kitu kikubwa kuliko vyote nilichokiona ndani yake kilikuwa boya jekundu.

Basi nikawa kiongozi wa msafara. Tulikuwa sita, lakini ninaotaka muwajue ni wawili. Mmoja ni Masunga, mkulima wa upande wa Mwadui, kijana mwenye mdomo usiofungwa komeo. Wa pili ni Mama Felista wa Ushirombo, mjane aliyepita miaka hamsini. Pamba yake mwaka ule iliwashinda wanaume wenye majembe ya ng'ombe. Alifika Tinde siku moja kabla ya safari, juu ya lori la marobota, na tasbihi shingoni na mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyokausha mwenyewe, mapajani. Alilala kwangu.

Wakati wa chakula alimsifu mke wangu kwa mlenda, kisha akanigeukia. "Fundi, nasikia wewe umemwona nyangumi."

"Nimemwona, mayu," nilisema, kama ninavyomwita mama yangu.

"Mdomo wake ni mkubwa kiasi gani?"

Niliangalia huku na huku, macho yakatua mlangoni. "Kama mlango huu."

"Mtu anapita?"

"Anapita bila kuinama."

Aliacha tonge mkononi, akautazama ule mlango kwa muda mrefu. Halafu akatabasamu peke yake. "Vema," alisema. "Basi nikamwone."

Mke wangu, Mama Kulwa, alinitupia jicho. Yeye anajua habari ya boya.

Asubuhi lori la kinu likatupeleka Shinyanga, vumbi likatufanya wote tufanane, na mchana tukapanda treni.

Treni yasimama

Tabora tulibadilisha treni, na hapo wakaungana nasi wakulima wa tumbaku kutoka Urambo, wenzetu wa safari ile ile. Kiongozi wao aliitwa Mrisho, Mnyamwezi mwenye kofia ya kufuma na Kiswahili kilichonyooka. Tukakaa behewa moja, daraja la tatu, magoti kwa magoti.

Hatukwenda mbali. Katika kituo kidogo ambacho hata kibao chake kilikuwa kimefutika, treni ilisimama. Wakasema mbele yetu kuna treni ya mizigo imeharibika. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuelekea magharibi. Wanawake wa pale walitoka porini na asali kwenye chupa na mayai ya kuchemsha, kisha wakaishiwa, wakakaa nasi kivulini kama waliokuja msibani. Mama Felista alifungua mfuko wake, akagawia behewa zima michembe na karanga. Mrisho alitafuna, akafumba macho. "Mama, hivi vinanirudisha kwa bibi yangu."

Ni hapo, tukiwa tumekaa ukingoni mwa reli, alipotueleza kwa nini anakwenda.

"Marehemu Baba Felista alikuwa katekista," alisema. Alikuwa akiongea Kisumbwa kilichochanganyika na Kiswahili, nami nikimsaidia panapokwama. "Miaka mingi amefundisha habari za Yona kumezwa na samaki. Na kila mwaka kuna mtu anayesimama na kusema, katekista, samaki gani anammeza mtu mzima? Sisi samaki wa ziwa tunawajua. Kamongo akimeza kidole chako, umepata bahati mbaya sana. Watu wanacheka. Yeye anajibu, siku moja tutakwenda baharini, tutamwona. Wakamwita Yona. Watoto wakamwita Yona. Tulipomzika nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, leo Yona amemezwa kweli."

Hakuna aliyecheka, hata Masunga.

"Mimi siendi kutembea," alimaliza. "Nakwenda kumtazama yule samaki badala yake. Nirudi niwaambie nimemwona."

Kisha akanigusa mkono. "Na Mungu amenipa mtu anayemjua."

Palepale, wenzangu, ndipo nilipopaswa kusema kweli. Tulikuwa na muda, tulikuwa na kivuli, hata treni ilikuwa imesimama. Nilisema, "Usijali, mayu," nikaenda kutafuta maji.

Melini

Saranda tulikula kuku, Morogoro tukanunua machungwa, na Dar es Salaam hatukulala hata usiku mmoja, maana tulikuwa tumechelewa na meli ilikuwa inasubiri. Tulipita bandarini mbio, mizigo vichwani.

Masunga alichota maji ya bahari kwa kikombe, akaonja, akatema. "Nani ameitia chumvi Nyanza hii?" Lakini meli ilipotoka na kuanza kuinama huku na huku, mzaha ulimwisha. Alijilaza juu ya kamba akiomba arudishwe Mwadui. Mimi, mjuzi wa pwani, nilitapika mara mbili nyuma ya mapipa, mahali pasipoonekana, kisha nikarudi nikifuta mdomo na kuwaeleza kuwa bahari leo imetulia.

Mpishi wa meli alitupa wali na mchuzi wenye vipande vyeupe vya mviringo. Mama Felista aliuliza ni nyama gani. Mpishi akanyanyua mkono na kuchezesha vidole vyote, "Pweza, mama, mwenye miguu minane." Alirudisha sahani kwa adabu, akala michembe.

Jioni, msimamizi wa abiria alituita viongozi. Akasema kesho alfajiri tutatia nanga Kilindoni, kisiwani Mafia. Tutakaa mpaka saa kumi na moja jioni. Kutakuwa na malori mawili. Moja litakwenda Utende, upande wa mashariki, penye ghuba. Jingine litakwenda kaskazini kabisa, kwenye mnara wa taa, safari ya saa nyingi za mchanga. "Huu ni msimu wa nyangumi kupita," alisema. "Ulizeni wenyeji wamewaona wapi, kisha kila kiongozi achague."

Mrisho alinigeukia. "Wewe ndiye mwenyeji, Fundi. Twende wapi?"

"Kesho nitakwambia," nilisema.

Kilindoni, na maneno niliyoyasikia

Hakuna gati Kilindoni. Meli inakaa mbali, mashua zinawaleta watu, na mwisho wapagazi wanakubeba mgongoni mpaka nchi kavu. Mama Felista alikataa kubebwa. "Sijabebwa na mwanamume tangu nibatizwe," alisema, akapandisha kitenge na kuvuka mwenyewe, maji magotini, tasbihi ameishika mdomoni.

Malori yalikuwa yamesimama chini ya minazi, tayari yananguruma. Wenzangu walikuwa nyuma yangu wanangoja. Nilimwona bibi mmoja anauza vitumbua, amejifunga kanga mbili, mikono yake haitulii. Nikamwendea. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojikwaa.

Sikumwuliza habari ya nyangumi. Ningemwuliza vipi, na Masunga yuko pale anasikia, na mimi ndiye niliyejisifu kumwona? Niliuliza kwa mbali, kama mtu apitaye.

"Shikamoo, bibi. Hali ya huku ikoje? Utende kukoje?"

"Marahaba, mwanangu. Utende kuzuri. Maji yametulia, kivuli tele."

"Na mnarani?"

Aligeuza kitumbua, akacheka. "Mnarani? Loo! Kule siku hizi ni ngumi tu. Asubuhi ngumi, mchana ngumi. Kubwakubwa! Juzi wajukuu zangu wamerudi wanalia kwa hofu."

Nilimshukuru, nikanunua vitumbua, nikarudi kwa wenzangu mbio. Niliona nimewaokoa. Nikawaambia kwa Kisukuma, "Mnarani hakuendeki. Kuna ugomvi, watu wanapigana ngumi tangu asubuhi, hata watoto wanarudi wanalia. Tunakwenda Utende."

"Na nyangumi?" Mama Felista aliuliza.

Bibi hakuwa amesema lolote juu ya nyangumi wa Utende. Lakini nilisema, "Nyangumi wako huko huko Utende."

Mrisho alikuwa ameshapandisha watu wake kwenye lori la mnarani. Aliniita, "Fundi, nafasi zipo, twende wote!"

"Nenda wewe," nilimjibu. "Mimi napajua."

Mama Felista alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye gurudumu la lori la Mrisho, maana ndilo lililokuwa karibu. Nilimshika mkono nikamshusha. Mkono wangu mwenyewe.

Utende

Utende kulikuwa kuzuri kama bibi alivyosema. Lakini tulipofika hatukuikuta bahari. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, yameacha tope, majani na vidimbwi ambamo wanawake waliinama kuokota. Mikoko imesimama na mizizi yake nje kama watu waliopandisha nguo.

"Fundi," Masunga alisema, "maji wameyafungulia wapi?"

Nikamwambia yatarudi. Hilo nililijua. Tukakaa. Saa tatu ikawa saa tano, saa tano ikawa saa saba. Kina mama wa pale walituletea madafu na mihogo, wakamwuliza Mama Felista habari za bara, na kama ni kweli tunakunywa maji kisima kimoja na ng'ombe. Yeye alicheka, lakini macho hakuyatoa kwenye upeo. Aliketi ameinyoosha miguu, mkono umefunika uso dhidi ya jua. Alikaa hivyo saa nne bila kulalamika.

Maji yalirudi polepole, yakajaza ghuba. Masunga alianza kunung'unika kwamba tumeletwa kutazama bwawa. Dereva wa lori alikwisha kutuita mara moja. Ndipo, mkondoni kati yetu na kisiwa kidogo cha mbele, mgongo mweusi ukaibuka, ukazama. Kisha mwingine. Kisha wa tatu akaruka kabisa nje ya maji, akang'aa, akaanguka.

"Huyo!" nilipiga kelele. Nawaapieni, mwanzoni nilifurahi kweli. "Huyo! Nyangumi huyo!"

Wote walisimama. Mama Felista aliinuka, akaingia majini mpaka vifundoni. Wale wanyama walipita mara tatu, karibu sana, tukawaona vizuri. Walikuwa na ukubwa wa ndama aliyeachishwa ziwa. Midomo yao myembamba kama ya bata.



"Fundi," Masunga alisema, "huyu hawezi kummeza hata mbwa wangu."

Mama Felista hakunigeukia. Aliuliza akiwa bado anatazama maji. "Ndiye mwenyewe? Au ni mtoto wake?"

Sikujua. Hiyo ndiyo kweli, sikujua kitu. Kama ningesema ni mtoto, wangetaka kumngoja mama yake, na lori linaondoka, na Masunga angeuliza mama yuko wapi. Kama ningesema sijui, ningekuwa nimekwisha.

"Ndiye mwenyewe, mayu," nilisema. "Hakui zaidi ya hapo."

"Ulisema mdomo kama mlango."

"Kwa mbali, baharini, vitu vinaonekana vikubwa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba ambazo alikwisha kuziotea. Alitoka majini, akalikamua pindo la kitenge. Alipanda lori, akaketi pembeni. Tulipokaribia Kilindoni nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Maskini Baba Felista. Kumbe walikuwa na haki ya kucheka."

Alichosema baharia

Watu wa Mrisho walifika ufukweni baada yetu, nguo zimelowa, sauti zimewakauka. Mama Felista alikuwa ameshakwenda kulala chini melini, anaumwa kichwa. Mrisho alinikuta kwenye kingo za meli, akanishika mabega yote mawili.

"Fundi, tumewaona! Watatu! Mmoja ameruka hapa, karibu na mwamba, mgongo mrefu kupita behewa. Alipoanguka maji yametupiga huko juu tulikosimama. Mzee wetu mmoja amekaa chini akalia kama mtoto. Na ule mdomo! Lori lile lingeingia na taa zake."

"Mnarani?" nilisema. "Si kuna ugomvi kule? Watu wanapigana ngumi?"

Baharia mmoja, mtu wa Kilwa, alikuwa anakunja kamba karibu nasi. Aliangua kicheko. "Nani kakwambia wanapigana? Wazee wa huku nyangumi wanamwita ngumi. Ngumi huyo huyo, baba."

Mrisho naye alicheka. Alidhani ni mzaha. Nilicheka nao.

"Ninyi mmeona nini?" Mrisho aliuliza.

Nilimweleza. Ukubwa wa ndama, mdomo wa bata, wanaruka.

"Pomboo hao," baharia alisema. "Wanacheza tu."

Jua lilikuwa halijazama. Ngazi ya kushukia chini ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa, na Mama Felista yuko macho kule chini, namjua, alikuwa anasali. Nilikaa kwenye kingo mpaka wakatuita kula, na kula sikwenda.

Kurudi

Kwenye treni ya kurudi, baada ya Dodoma, Mrisho alianza kuwahadithia abiria wengine. Alihadithia vizuri, akinyoosha mikono, na behewa lote likamsikiliza. Alipofika kwenye mgongo uliopita behewa, Mama Felista alimkatiza. Hakuwa mtu wa kumkatiza mtu.

"Mwanangu, usitie chumvi. Nasi tumemwona. Ni kama ndama."

"Mama, huyo mliyemwona..."

"Nilisimama naye karibu kama nilivyo nawe. Na huyu fundi wetu anaijua bahari, amekaa huko. Ametueleza kwamba kwa mbali vinaonekana vikubwa. Mume wangu alidanganyika hivyo hivyo kwa maneno ya watu, nami sitaki kurudi nyumbani na uongo mwingine."

Watu walinigeukia. Mrisho alinitazama usoni. Alikuwa anajua, na alijua kwamba ninajua. "Fundi," alisema kwa upole, "hebu sema wewe."

Nimekuwa fundi miaka kumi na minne. Nimeingiza mkono kwenye mashine zinazozunguka na sikutetemeka. Siku ile nilisema, "Kila mtu ameona alichokiona."

Mrisho aliacha kusimulia. Behewa likarudi kwenye mazungumzo ya mvua na bei ya chumvi. Tabora, aliposhuka, aliwaaga wote kwa mkono, Mama Felista kwa mikono miwili. Kwangu alipita kama anayepita nguzo.

Nilimpakia Mama Felista kwenye lori la kwao pale Tinde. Alinishukuru. Alisema, "Umenitunza vizuri, Fundi, Mungu akulipe."

Ushirombo

Miezi mitatu nilikaa hivyo. Kisha dereva mmoja wa lori la pamba, tukiwa tunashusha mizigo, akanipa habari za kule bila kujua kwamba mimi ndiye niliyeongoza safari ile. Kwamba kuna mama Ushirombo amerudi kutoka baharini. Watu walimzunguka baada ya misa wakamwuliza, naye akawaambia kweli tupu kama alivyoiona: samaki yule ni kama ndama, mdomo mwembamba. Walicheka mpaka wakashikana. Jina la Yona likafufuka. Na kwamba tangu siku ile yule mama haendi tena misa. Anasema hatakaa mahali ambapo mume wake aliwasomea watu uongo maisha yake yote.

Jumamosi nilipanda lori la kwanza lililokubali kunichukua. Mke wangu nilikuwa nimemweleza yote usiku uliotangulia, naye alisema neno moja tu, "Nenda." Kahama tulipasukiwa na gurudumu, tukalala palepale. Jumapili, Ushirombo, nilisikia nyimbo zinatoka kanisani. Nilimkuta Mama Felista nyumbani kwake, uani, anamenya mihogo.

"Fundi! Karibu! Kuna heri?"

Nilimwamkia. Sikukubali kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu boya jekundu mpaka behewani. Nilimweleza habari ya ngumi. Nilimweleza kwamba Mrisho alisema kweli, na kwamba nililijua hilo kabla meli haijang'oa nanga.

Aliendelea kumenya mpaka mhogo aliokuwa nao ukaisha. Akauweka kwenye sufuria, akaweka kisu.

"Mimi umenidanganya," alisema. "Hilo ni langu na lako. Lakini yule aliye kaburini umemfanya mwongo, na mimi ndiye nimekuwa mdomo wako. Nimesimama mbele ya watu nimemcheka mume wangu pamoja nao."



Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge kingine. "Twende, watu hawajatawanyika."

Walikuwa wanatoka kanisani. Alinisimamisha uwanjani, akawaita kwa majina, wakaja, labda watu arobaini. "Huyu ndiye fundi aliyetuongoza," aliwaambia. Kisha kwangu, "Sema."

Nilisema yote. Nilipofika kwenye ngumi wengine walicheka, kisha wakaacha walipomwona Mama Felista uso. Niliwaambia kwamba mtu wa Urambo amemwona samaki yule, mrefu kupita behewa, mdomo wa kuingiza lori, na kwamba katekista wao hakusema uongo.

Mzee mmoja mwenye fimbo aliuliza, "Wewe ulimwona?"

"Sikumwona."

"Mama huyu alimwona?"

"Hakumwona. Kwa sababu yangu."

"Huyo mtu wa Urambo yuko hapa?"

"Hayupo."

Mzee alitazama wenzake. "Basi hapa hakuna aliyemwona. Tuna maneno ya mtu aliyekuja kutuambia kuwa yeye ni mwongo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima mzigo na kuuona haufiki.

Walianza kuondoka mmojammoja. Mama mmoja alikuja akamshika Mama Felista mkono, akakaa naye kidogo. Ni mmoja tu.

Nilimsindikiza mpaka kwake. Mlangoni nilipiga goti moja, nikamwomba anisamehe. Alinizuia kabla sijafika la pili.

"Simama. Nimesikia. Hilo neno la msamaha usinisemee tena, linanichosha. Nenda, lori la saa nane litakuacha." Nilikuwa nimeshageuka aliponiita. "Siku ukija huku, usije kuomba. Njoo unisalimie tu, kama watu wanavyosalimiana."

Wenzangu, hiyo ndiyo safari mliyoniuliza. Malori ya Ushirombo yanapita hapa Tinde kila siku, madereva wote wananijua na nafasi haikosekani. Ni mwezi wa tano sasa tangu aniambie hivyo. Bado sijakwenda.